Picha Inayoitikiwa: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Hadithi za Vichezeo

Katika toleo lililopita nilieleza namna mimi na rafiki yangu wa Wete tulivyosimulia hadithi moja kwa picha za vichezeo, yeye akiwa Pemba na mimi nikiwa hapa Mjini Unguja. Hadithi yenyewe ilihusu gari la kopo la maziwa, lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndara kuukuu, lililokuwa likihangaika kufikisha gunia moja la karafuu bandarini. Kila mmoja wetu alikuwa na gari lake, yote mawili yakiwa yametengenezwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu, na kila mmoja alipiga picha yake kwa zamu, akampelekea mwenzake, akangoja kujibiwa. Barua zilizofika baada ya makala hayo ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa, kwa hiyo nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na nimezifupisha bila ya kubadilisha makusudio ya walioziandika.

"Sisi ni watoto wa ndugu, watatu kwa jumla: mimi nipo Jang'ombe, mwenzangu yupo Chake Chake, na mtoto wa ami yetu yupo Maskati. Tulianzisha hadithi ya mwanasesere tuliyempa jina la Bi Mkubwa, anayetafuta pete yake iliyopotea. Kila mmoja ana wa kwake wa kufanana na wa wenziwe, na hupiga picha kwa zamu na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Ilipofika picha ya saba, huyu wa Maskati alimzika Bi Mkubwa mchangani na kuandika kwamba amefariki. Tumegombana na hadithi imesimama. Je, tumtoe, au tuweke sheria?" – Mkubwa wao, Jang'ombe

Msimtoe. Nimezitazama picha zote saba ulizoambatisha, tena zaidi ya mara moja, na ninavyoona mimi kosa halikuanzia kwenye picha ya saba. Katika picha sita za mwanzo Bi Mkubwa amesimama katikati, ameikabili kamera, na kinachobadilika ni mahali tu: mara barazani, mara chini ya mwembe, mara mbele ya mlango wenye misumari ya shaba. Picha ya pili haikuijibu ya kwanza, wala ya tatu haikuijibu ya pili, na ile pete inayotafutwa haionekani hata kwa dalili. Mtu anayepewa zamu baada ya picha kama hizo hana pa kushika, na asipokuwa na pa kushika hutafuta tukio kubwa kuliko yote analoweza kulifanya peke yake, nalo aghalabu ni kifo. Ndugu yenu alikuwa na njaa ya jambo, na jambo hamkumpa.

Kwetu sisi msimulizi hasemi "Paukwa" kisha akajiendea zake. Husema "Paukwa", akanyamaza, na wasikilizaji wasipoitika "Pakawa" hadithi haitoki. Hadithi ya picha za kupokezana inasimama juu ya msingi huohuo, kwa maana kwamba kila picha ni kiitikio cha iliyotangulia na papo hapo ni mwito kwa inayofuata, na ikikosa kimoja kati ya viwili hivyo mnyororo hukatika hata kama picha yenyewe ni nzuri ya kutundikwa ukutani.

Nitatoa mfano kutoka kwenye hadithi yetu. Siku moja nikiwa Jambiani wakati maji yamekupwa, gari langu liling'oka gurudumu moja la nyuma, nikalitafuta mchangani hata maji yakaanza kujaa na sikuliona. Nilipiga picha ya gari likiwa limeinamia upande mmoja, gunia likikaribia kuanguka, nikampelekea mwenzangu bila ya neno lolote. Gari la kwake lilikuwa zima. Angeweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi nisingemlaumu, kwani gari zima lina thamani kwa mtu anayelipenda. Yeye alilinyofoa gurudumu la gari lake, la nyuma, upande uleule, akalipeleka pwani, akaliweka kwenye mdomo wa shimo la chanjagaa, na akapiga picha mkono mmoja wa kaa ukitokeza kulishika. Kila aliyelelewa kwa hadithi za bibi anaujua ule mwanzo usemao paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Picha ile ilinijibu mimi, ikaijibu na hadithi kongwe kuliko sisi sote, na ikaniachia swali ambalo sikulala mpaka nimelifikiria: gari la magurudumu matatu litaingiaje kwenye nyumba ya kaa?

Washairi wetu wanaijua kanuni hii vizuri. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na washairi wa Lamu, anayejibu hakuwa huru kuanza upya apendavyo. Alichukua bahari ya shairi, yaani muundo wake, na vina vya aliyemtangulia, na ndani ya vina hivyo ndipo alipotafuta nafasi ya kusema lake. Katika picha pia vipo vitu vya namna hiyo, nami huviita vina vya picha. Chukueni kitu kimoja kutoka kwenye picha mliyoipokea, kiwe ni rangi, upande unakotokea mwanga, njia aliyokuwa akielekea Bi Mkubwa, au kitu kilichokuwa mkononi mwake, mkiingize katika picha yenu, kisha ndipo muongeze lenu. Kama mwenzako amemwonesha akitoka upande wa kushoto kwenda kulia, naye aendelee kwenda kulia, kwani ukimgeuza msomaji atadhani amerudi nyumbani.

Kuhusu sheria, mbili zinawatosha. Ya kwanza ni kwamba hakuna anayefuta wala kuikanusha picha ya mwenzake. Kilichowekwa kimewekwa, na kazi yako ni kukipokea na kukiongezea. Ya pili ni kwamba jambo lisiloweza kurudishwa nyuma, kama kifo au kuungua kwa nyumba, liulizwe kwanza kwa wote. Sheria hii ya pili haimgusi ndugu yenu, kwa sababu ilikuwa haijawekwa. Kwa hiyo ipokeeni picha yake. Anayefuata apige picha ya mchanga uleule ukiwa umefukuliwa, shimo tupu, na nyayo ndogo zikiondoka kuelekea kulia, na pembeni mwa shimo kiwepo kitu kinachong'aa kidogo. Bi Mkubwa hakufa; aliingia chini kuifuata pete. Mtoto wa ami yenu atakuwa ndiye aliyeipata njia, na hadithi itakuwa imeanza.

"Natumia simu ya kawaida, napiga picha za askari wadogo wa plastiki na gari ndogo pale pwani kwetu. Wenzangu wanne tunasimulia pamoja hadithi ya msafara wa jangwani. Picha zao zinaonekana kama kweli, zangu zinaonekana kama vichezeo vilivyotupwa mchangani. Nifanye nini?" – Kijana wa Bwejuu

Kwanza lala chini. Nasema hivi kwa sababu picha zako zote umezipiga ukiwa umesimama au umechutama, na jicho la mtu mzima linalotazama chini ndilo linalokiambia kitu kwamba ni kidogo. Iteremshe simu mpaka lenzi iwe sawa na macho ya askari wako. Simu nyingi zina lenzi kwenye kona ya juu, kwa hiyo ukiipindua simu kichwa chini lenzi itakaa karibu kabisa na mchanga. Hapo upeo wa bahari utapita nyuma ya kichwa chake kama unavyopita nyuma ya kichwa cha mtu, na vile vikunjo vya mchanga vinavyoachwa na maji ya bamvua, ambavyo urefu wake haufiki hata kidole, vitageuka kuwa vilima vya jangwa. Bwejuu yenu, pamoja na Paje na Jambiani, ni miongoni mwa mahali bora ninapopajua kwa kazi hii, kwani maji yakikupwa huacha uwanda mpana usio na jani. Fuateni mwezi: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo ndizo maji hutoka mbali zaidi.

Jambo la pili ni ukali wa picha. Lenzi inapokaribia sana kitu, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba, na yaliyo mbele na nyuma yake hufifia. Tunapotazama vitu vikubwa kutoka mbali hatuoni kufifia huko, na ubongo wetu umelizoea jambo hili kiasi kwamba ukioneshwa picha yenye ukanda mwembamba wa ukali husema mara moja, "Hiki ni kidogo." Sasa wewe umewasha ule mpangilio wa simu unaofifisha kila kilicho nyuma ya mtu, ukadhani unaipamba picha, kumbe unauongeza udogo. Uzime. Simu, kwa sababu ya udogo wa lenzi yake na wa kipande kinachopokea mwanga, ina kipaji cha kuonesha karibu na mbali kwa pamoja, na katika kazi hii kipaji hicho ni mali. Rudi nyuma kama nusu mita badala ya kusogea, piga, kisha uikate picha.

Tatu, kuwa mwangalifu na vitu visivyokubali kupungua. Tone la maji ni mfano mkubwa. Sanamu ya mtu ya LEGO, vile vichezeo vya plastiki vya kuunganishwa, ina kimo cha karibu sentimita 4, na tone la maji lililotua juu yake linaweza kuwa na upana wa milimita 4, yaani sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ni kama mtu mzima kuangukiwa na tone lenye ukubwa wa tikiti dogo. Huwezi kulifanya tone liwe dogo kwa kulipenda. Kwa hiyo ukitaka mvua, lowesha mchanga na uipake sanamu unyevu kwa kitambaa, matone yasionekane. Mawimbi nayo ni hivyohivyo. Piga kwenye vidimbwi vilivyoachwa na maji, ambako upepo unatia mikunjo midogo tu.

Mwisho ni mwanga. Sisi tupo karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa juu ya utosi, likakifanya kila kichezeo kuwa na kivuli kama sahani miguuni mwake. Piga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, na uweke sinia au karatasi nyeupe upande wa kivuli ili uso usiwe mweusi. Na kwa kuwa mpo watano, kubalianeni msafara unasafiri wakati gani wa siku. Picha moja ya alfajiri ikifuatiwa na ya adhuhuri kisha ikarudi alfajiri, msomaji atauliza wamekaa jangwani siku ngapi, na nyinyi wenyewe hamtakuwa na jibu.

"Huku kwetu vichezeo vya dukani ni ghali na havidumu. Je, tunaweza kushiriki?" – Wanawake wa kikundi cha ushoni, Micheweni

Mnaweza, na pengine mmewazidi wenye navyo. Msanii wa Kijapani Tatsuya Tanaka amekuwa akitoa picha moja kila siku tangu mwaka 2011, na dunia anayoionesha ameijenga kwa vitu vya mezani na jikoni, akiweka watu wadogo kabisa chini ya mboga zinazosimama badala ya miti. Nyinyi mna kifuu kinachokuwa dau kwa kuchomekewa kijiti na kipande cha kitambaa. Mna mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ukiisimamisha dhidi ya mwanga wa dirisha inakuwa mnyama ambaye hakuna mtoto asiyemwogopa. Mna karafuu kavu yenye kichwa na kiwiliwili, na ukizipanga punje ishirini juu ya jamvi umepata mkutano wa watu waliovaa kofia. Na nyinyi ni mafundi cherehani. Vitambaa vinavyobaki ndio bahari, ndio mashamba, ndio usiku.

"Watoto wangu wanataka kushiriki pamoja na wenzao wa jirani, lakini mama mkwe ameniambia kwamba wanasesere na picha zao havifai katika nyumba ya Kiislamu. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kuwanyima watoto." – Mama wa watatu, Mwanakwerekwe

Hukumu ya sanamu na picha ina maelezo yake kwa wanazuoni, na mwenye kukufafanulia ni sheikh mnayemwamini wewe na mama mkwe wako, wala si mwandishi wa ukurasa huu. Ninachoweza kukupa ni hadithi mbili ambazo mnaweza kumwendea nazo kwa pamoja. Imo katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere, na rafiki zake wakija kucheza naye. Na imo katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka katika safari ya vita, upepo ulilifunua pazia lililokuwa likificha vichezeo vya Bibi Aisha, akaona katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza kama kuna farasi mwenye mbawa. Bibi Aisha akajibu kwa kuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Mimi huirudia mara nyingi riwaya hii, kwa sababu ndani yake kipo kila tunachokizungumzia hapa: kichezeo kilichotengenezwa kwa mkono, mtu anayekiuliza swali kwa upole, na jibu linalofungua hadithi. Na ikiwa mama mkwe bado ana uzito, watoto wanaweza kusimulia hadithi nzima bila ya sura hata moja, kwa gari, kwa dau, kwa jozi ya viatu vidogo vilivyoachwa mlangoni. Mwombeni yeye awape mwanzo wa hadithi. Bibi akishaombwa hadithi, mengi hulainika.

"Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi Pemba. Wanafunzi watano wa darasa langu wanasimulia kwa picha safari ya dau la kifuu. Mmoja wao, msichana wa miaka kumi, kila zamu yake ikifika huzamisha dau. Wenzake huliinua, yeye hulizamisha tena. Babu yake hakurudi kutoka katika ajali ya meli kabla yeye hajazaliwa. Je, nimkataze?" – Mwalimu, Kaskazini Pemba

Mwalimu wangu, usimkataze, na nakuomba uwazuie wenzake kwa muda wasiliinue.

Hukuitaja meli, nami sitakisia. Lakini tangu MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kuelekea Pemba, zipo nyumba nyingi katika visiwa hivi ambamo mtoto aliyezaliwa baadaye amekua akiikuta huzuni imekaa sebuleni, hajaelezwa ilivyoingia. Mtoto wa namna hiyo huenda hajui maneno ya jambo hilo, lakini mikono yake inaujua uzito wake. Akipewa kifuu na beseni la maji atasema anachokijua.

Yupo mpiga picha wa Marekani, Brian McCarty, ambaye tangu mwaka 2011 amefanya kazi na watoto walioguswa na vita, akianzia Gaza, Ukingo wa Magharibi na Israeli. Namna yake ya kufanya kazi ina mafunzo kwako. Hakai na watoto peke yake, bali hushirikiana na wataalamu wanaotumia uchoraji kuwasaidia watoto kusema yaliyowapata. Mtoto huchora alichokiona au anachokiogopa, kisha McCarty hutafuta vichezeo vinavyopatikana palepale, akavipeleka mahali penyewe, na kuipiga picha ile hadithi kama mtoto alivyoichora. Mpiga picha anakuwa mkono tu. Hampatanishi askari na mtoto kama mtoto hakuwapatanisha, wala halijengi upya jengo lililobomoka kwenye mchoro ili picha ipendeze.

Hapo ndipo wenzake wa darasani wanapokosea, na wanakosea kwa wema. Kila wanapoliinua dau wanamwambia kwamba alichokisema hakikutokea. Nilimwandikia msomaji wa Jang'ombe kwamba kilichowekwa kimewekwa. Kwa huyu binti kanuni hiyo ina uzito zaidi. Waambie wale wanne kwamba dau limezama, na zamu zao sasa ni za kuonesha yaliyo pembezoni: pwani ilivyokuwa asubuhi ile, watu waliosimama wakingojea, taa iliyoachwa ikiwaka dirishani, jirani aliyekuja na chungu cha chai. Huko nako ni kujibu. Usimuulize kwa nini analizamisha, wala usimwelekeze mahali pa kuweka kifuu. Mshikie kamera akitaka, uilaze simu kwa kimo chake, na umwachie yeye aseme lini picha ipigwe. Ukifika wakati akataka kitu kielee, atakielesha mwenyewe.

Picha hizo zisitoke nje ya darasa. Zungumza na mama yake kwa faragha, umweleze ulichokiona bila ya kukifasiri, na ukiona mtoto halali, hali, au amejitenga na wenzake, msaidieni amfikie mtaalamu wa ushauri nasaha. Na wewe mwenyewe, kama nawe umepoteza mtu baharini, usilibebe darasa hili peke yako.

"Mume wangu huandika, mimi hupiga picha. Yeye hajawahi kushika kamera na mimi siwezi kuandika hata barua ya mkopo. Je, na huku ni kusimulia pamoja, au kila mtu afanye vyote?" – Bibi wa Fumba

Ni kusimulia pamoja, tena mmetanguliwa na wakubwa. Mwaka 1977 Wamarekani wawili waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Yale, mpiga picha David Levinthal na mchoraji wa vibonzo Garry Trudeau, walitoa kitabu kuhusu uvamizi wa Ujerumani dhidi ya Umoja wa Kisovieti katika Vita vya Pili vya Dunia, na askari wote wanaoonekana humo ni vichezeo. Ukizitazama picha za Levinthal utaona zimefifia mno, kinyume na nilivyomshauri kijana wa Bwejuu, na naomba asinielewe vibaya: Levinthal aliufifisha mpaka ule uso wa plastiki ukapotea, ukabaki mwendo na moshi, na jicho likasadiki. Kanuni huvunjwa na anayejua anachokitafuta.

Ushauri wangu kwenu ni mmoja. Mumeo asiandike kinachoonekana. Ikiwa picha inaonesha mwanasesere ameshika barua, sentensi yake isiseme kwamba ameshika barua. Iseme imetoka kwa nani, au ni ya ngapi kufika bila ya kufunguliwa.

"Tulisimulia wawili. Sasa mwenzangu anataka kuziuza picha zake kwa watalii, bila ya zangu. Ana haki?" – Msomaji wa Shangani

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na COSOZA ndiyo taasisi ya kuiendea kwa maelezo ya kisheria. Kwa kawaida aliyeipiga picha ndiye mwenye picha. Lakini hadithi mliijenga pamoja, na akiziuza kama hadithi anauza na sehemu yako. Andikianeni karatasi moja, hata kama ni sasa baada ya kazi kwisha, mkiitaja kila picha na aliyeipiga, na muweke wazi kwamba hadithi haitoki bila ya ridhaa ya wote wawili. Wanaoanza leo waandikiane kabla ya picha ya kwanza.

"Hukutuambia hadithi ya gari la kopo iliishaje. Watoto wangu wananisumbua." – Baba wa Kiembesamaki

Iliishia kwenye picha ya arubaini na moja, ambayo ilikuwa zamu ya mwenzangu. Gunia lilikuwa limefika, limefunguliwa juu ya jamvi, na karafuu zimetandazwa juani. Gari lilikuwa nyuma, nje kidogo ya ukali wa picha, likiegemea jiwe upande ule usio na gurudumu. Chini yake aliandika maneno ambayo bibi zetu walifungia hadithi, kwamba ikiwa nzuri ni yetu sote, na ikiwa mbaya ni yake yeye aliyeisema. Nilitaka kuongeza ya arubaini na mbili, nikatafuta pa kushika, sikupaona, nikajua kwamba tumemaliza.

Gurudumu aliloliweka kwenye shimo la chanjagaa alilirudia kesho yake asubuhi na hakulikuta. Magari yote mawili yana magurudumu matatu mpaka leo. Langu lipo juu ya kabati la vitabu, na la kwake analichezea mjukuu wake, ambaye amelizoea hivyohivyo na hulisukuma kwa kuliinua upande mmoja.